Matusi ya Kwenye Gemu ni Dhambi ya Nani?

Jioni moja ya Jumamosi tulikwenda, pamoja na mzee wa kanisa wa mtaa, kuitembelea familia iliyofiwa na bibi. Tukakaa sebuleni, tukaimba, tukasoma Neno. Tulipoinama kuomba, sauti ya kijana ikapenya kutoka chumba cha pili. Alikuwa amevaa hedifoni, kwa hiyo hakujua kwamba nyumbani kuna wageni. Alikuwa anacheza gemu kwa intaneti na watu asiowaona. Maneno aliyoyatamka hatuwezi kuyaandika katika kitabu hiki. Itoshe kusema kwamba mmoja alimtukania mama yake mzazi, na mwingine alimwambia aende akajiue. Mama mwenye nyumba akainua uso kabla ya Amina, akasema kwa aibu, "Mchungaji, utusamehe. Ni gemu tu."

Kijana yule tulimfahamu vizuri. Miezi mitatu kabla ya jioni ile tulimwekea mikono kichwani siku ya kipaimara. Na kesho yake asubuhi, ibada ya kwanza, alisimama na kwaya ya vijana akamwimbia Mungu kwa kinywa kilekile.

Ni gemu tu. Tumeyasikia maneno hayo matatu kwa wazazi, kwa vijana na kwa wachungaji wenzetu. Tunaandika makala hii kuyapinga. Lakini tunaandika pia kupinga maneno mengine, ambayo hutoka kwa washarika wenye bidii zaidi: kwamba gemu zote ni za shetani, zipigwe marufuku, mambo yaishe. Kauli ya kwanza inasema hapo hakuna dhambi. Kauli ya pili inasema dhambi imo ndani ya mashine. Kauli zote mbili zinampa nafuu mtu yuleyule mmoja, yaani mwenye ulimi.

Tusi halichagui aina ya gemu

Kwa washarika ambao hawajawahi kushika pedi, tueleze kidogo. Gemu za mashindano za siku hizi si mtu mmoja na mashine yake. Mtoto aliyeko Mbezi au Moshi hukutanishwa kwa muda mfupi na watu wa nchi yoyote, kisha wakasikiana kwa kipaza sauti au wakaandikiana ujumbe huku wakicheza. Zipo za kupigana risasi, kama Call of Duty. Zipo za watu watano dhidi ya watu watano wanaoviziana na kuteka ngome, kama League of Legends iliyotoka mwaka 2009. Zipo za mpira, za ngumi na za magari. Kwenye vibanda vya gemu vya mitaani kwetu mpira ndio unaotawala, na simu za mkononi zimeleta zile za risasi hadi mifukoni mwa sare za shule.

Watu wengi wa kanisa hudhani kwamba matusi yanatokana na bunduki zilizoko kwenye kioo: mtoto akizoea kuua kwa mchezo, atatukana kwa kweli. Tungependa iwe rahisi hivyo. Sivyo ilivyo.

Tuanze na magari. Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 2020, viwanja vya mbio za magari nchini Marekani vikiwa vimefungwa kwa sababu ya korona, madereva wa kweli walikuwa wakishindana wakiwa majumbani kwao kwa gemu iitwayo iRacing. Ndani yake hakuna bunduki wala damu. Ni magari yanayozunguka. Dereva mashuhuri Kyle Larson, akidhani anaongea na msaidizi wake peke yake, akatamka neno la kuwadhalilisha watu weusi. Kumbe anasikika na wote. Katika siku chache alisimamishwa, wadhamini wakajitoa, na timu yake ikamfukuza.

Tuje kwenye mpira. Mwezi mmoja baadaye, Mei 2020, kijana wa miaka 18 nchini Ireland alifungwa katika gemu ya FIFA. Katika kikosi chake alikuwamo Ian Wright, mshambuliaji wa zamani wa Arsenal na timu ya taifa ya England, kwa kuwa gemu hiyo ina sura za wachezaji wa zamani. Alipofungwa, akamtafuta Wright mwenyewe kwenye Instagram, mtu aliyekuwa nyumbani kwake na asiyejua lolote kuhusu mechi ile, akamwandikia ujumbe wa kibaguzi mmoja baada ya mwingine. Hasira za kushindwa na picha ya mtu zikamwagwa juu ya mtu mwenyewe.

Upande wa ngumi, mwaka 2012 kampuni ya Capcom iliendesha shindano la Street Fighter x Tekken lililorushwa moja kwa moja kwenye intaneti. Mchezaji mmoja wa kike alisumbuliwa kwa maneno machafu siku baada ya siku mbele ya watazamaji, na aliyemsumbua alikuwa kocha wa timu yake mwenyewe. Mwishowe dada yule akaacha kushindana. Kocha alipoulizwa, alijibu kwamba maneno ya namna ile ni sehemu ya desturi ya wachezaji wa gemu za ngumi. Baadaye aliomba radhi. Hata hivyo jibu lake la kwanza tulikumbuke, maana tutalirudia.

Na za risasi? Tarehe 28 Desemba 2017, siku tatu baada ya Krismasi, wachezaji wawili wa Call of Duty nchini Marekani waligombana juu ya dau lisilofika dola 2. Mmoja akamtafuta mtu wa tatu ampelekee mwenzake polisi kwa taarifa ya uongo. Mtu huyo akapiga simu akidai amemuua baba yake na ameishikilia familia mateka, akataja nyumba moja mjini Wichita, jimbo la Kansas. Anwani ile haikuwa ya mgomvi tena. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamume wa miaka 28 ambaye hakuhusika na gemu ile wala ugomvi ule. Polisi wakampiga risasi, akafa. Mwaka 2019 mpiga simu alihukumiwa kifungo cha miaka 20.

Magari, mpira, ngumi, risasi. Ukitoa bunduki kwenye gemu, tusi linabaki. Wala si visa vichache vya kuokoteza. Shirika la Anti-Defamation League liliwauliza watu wazima wa Marekani wanaocheza na wengine kwa intaneti kama wamewahi kunyanyaswa wakiwa mchezoni. Mwaka 2019 waliosema ndiyo walikuwa asilimia 74. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 83. Hiyo ndiyo hali ya hewa wanayoivuta watoto wetu kila jioni, wakati sisi tunashukuru kwamba angalau wametulia ndani na hawazururi.

"Ni utani tu"

Vijana wakibanwa hutuambia kwamba hatuelewi: ule ni utani, kila mtu anatukana na kila mtu anatukanwa, mwisho wa mechi imekwisha. Ndilo jibu la yule kocha: ni desturi yetu.

Basi wametaja neno tunalolijua kuliko wao. Sisi ni watu wa utani. Mchaga na Mpare wanataniana, Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Mtani huja msibani akaigiza mwendo wa marehemu, akazuia jeneza hadi apewe chochote, na hakuna anayekasirika. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kaburini, ndiye anayehangaika na maji na kuni, ndiye anayewaliwaza wafiwa hadi wacheke wakiwa na machozi. Ana haki ya kunichokoza kwa sababu ana wajibu wa kunizika. Utani ni undugu, nao una mipaka ambayo kila upande unaijua. Asiye mtani akiyasema maneno yaleyale, huwa ni ugomvi, na wazee wataitwa.

Sasa kijana wetu atuambie. Yule mtu wa Nairobi au Manila uliyemwambia akajiue, ukisikia kesho kwamba amefanya hivyo, utakwenda kumchimbia kaburi? Unajua hata jina lake? Kama hujui, usiuchafue utani wa wazee wetu kwa kuufunika juu ya jambo lisilo na undugu, lisilo na mpaka na lisilo na wajibu. Hilo lina jina lake katika Maandiko. Bwana Yesu, katika Mathayo 5:22, anaiweka dharau ya mdomoni katika mstari mmoja na uuaji, na anayemwita ndugu yake mpumbavu anamwonya juu ya moto. Yakobo naye, sura ya 3, anashangaa jinsi ulimi unavyomhimidi Baba kisha unawalaani watu walioumbwa kwa mfano wake. Sisi hatuhitaji kushangaa. Tumeiona kwaya.

Kilima cha Shimei

Katika Samweli wa Pili sura ya 16 yumo mtu aitwaye Shimei mwana wa Gera. Mfalme Daudi anamkimbia Absalomu mwanawe, ameshuka hadhi, amechoka. Shimei anatokea, anatembea kwenye ubavu wa kilima sambamba naye, anamlaani, anamrushia mawe na mavumbi. Tazama mahali aliposimama. Alichagua ubavu wa mlima ng'ambo, ambapo jiwe lake lingefika na mkono wa wale wengine usingefika. Hakumtukana Daudi uso kwa uso.

Sura tatu mbele, Daudi anarudi na ufalme wake. Shimei anafanya haraka kushuka mpaka Yordani, anaanguka kifudifudi mbele ya mfalme na kukiri kwamba ametenda dhambi. Ni mtu yuleyule. Kilichobadilika ni umbali. Alipokuwa mbali alikuwa na ujasiri, na alipokaribia akagundua kwamba aliyekuwa akimrushia mawe ni mtu.

Kipaza sauti kimempa kila mmoja wetu kilima chake. Kijana anayemwamkia kila mzee wa mtaa kwa shikamoo, asiyethubutu kumwinulia sauti mwalimu wake, akivaa hedifoni anapanda kilimani. Haoni uso, hasikii kilio, hajulikani jina. Huko juu anagundua kwamba heshima aliyokuwa nayo ilikuwa hofu ya kuonekana. Hili si jambo dogo kwetu sisi walezi. Gemu haikumfundisha kijana wetu kudharau watu. Ilimwondolea macho yetu, ikatuonyesha tulichokuwa tumekipanda na ambacho hatukukipanda.

Wabaya ni akina nani?

Kampuni ya Riot Games, watengenezaji wa League of Legends, waliumizwa vichwa na matusi kiasi kwamba waliunda kikundi cha wataalamu wa tabia kulichunguza jambo hilo. Dhana ya awali ya watu wengi ilikuwa kwamba wapo wachezaji wachache waovu sugu, na wakifukuzwa hao, uwanja utasafika. Ndiyo dhana yetu pia makanisani: tuwaondoe watoto wabaya, tubaki na wazuri.

Walipohesabu, walikuta kwamba wakorofi sugu walichangia takribani asilimia 13 tu ya tabia mbaya yote. Asilimia 87 iliyobaki ilitoka kwa watu wa kawaida, ambao siku nyingi hucheza kwa amani na hata kwa upole. Mtu amegombana na mkewe, amefukuzwa kazi, ameshindwa mechi tatu mfululizo. Mechi ya nne anamtukana mgeni.

Wapendwa washarika, hapa wataalamu wa kompyuta wamefika kwa hesabu mahali ambapo Mtume Paulo alikwisha kufika katika Warumi sura ya 3. Wote wamefanya dhambi. Kanisa letu limefundisha tangu siku za Luther kwamba mwamini ni mwenye haki na ni mwenye dhambi kwa wakati mmoja, nasi tumelikariri fundisho hilo kwenye mitihani ya chuo cha theolojia kana kwamba ni la kufaulia tu. Kumbe ni maelezo sahihi ya kijana wa kwaya mwenye hedifoni. Hakuwa mnafiki alipoimba, wala hakuwa shetani alipotukana. Alikuwa Mlutheri asiye na habari za moyo wake, naye yumo katika wale 87.

Kwa hiyo kuwagawa watoto wetu makundi mawili, wa gemu na wa kanisani, ni kujidanganya. Na kuzichoma mashine hakutatusaidia. Moyo utabaki, nao utapata kilima kingine: kundi la WhatsApp, daladala, kikao cha harusi.

Hatamu na kioo

Kuna watakaosema: kama ni moyo, basi tuhubiri tu, tuyaache mengine. Hapana. Kanisa letu linafundisha kwamba sheria ya Mungu ina kazi zaidi ya moja. Kazi yake moja ni kuwa hatamu inayozuia uovu wa nje hata kwa mtu asiyeamini. Kazi yake nyingine ni kuwa kioo kinachotuonyesha dhambi yetu ili tumkimbilie Kristo. Hatamu haiokoi mtu, lakini inazuia farasi asimkanyage mtoto.

Riot Games walijaribu hatamu moja ndogo sana. Zamani maongezi baina ya timu pinzani yalikuwa wazi tangu mwanzo wa mechi. Wakayafunga, ila yeyote aliyetaka aliweza kuyafungua mwenyewe. Basi, hilo tu. Baada ya wiki moja maongezi mabaya yalipungua kwa zaidi ya asilimia 30, na yale mazuri yakaongezeka kwa karibu asilimia 35. Hakuna aliyezuiwa kusema. Ilimbidi tu anyanyue mkono kwanza, na katika sekunde ile ya kunyanyua mkono wengi hawakulikuta tena tusi mdomoni.

Hilo linatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kampuni zisituambie kwamba haiwezekani. League of Legends huingiwa bure, na fedha hupatikana kwa kuwauzia wachezaji mavazi na mapambo ya ndani ya gemu. Anayefungua duka na kuwaita watoto wa watu waingie ana wajibu wa kujua kinachotendeka humo. Tunawapinga wanaofurahia mauzo kisha wakasema ulimi wa mteja hauwahusu. La pili ni letu: kama kizuizi kidogo hivyo kinafaa huko, kwa nini nyumbani mwetu hakuna hata kimoja?

Lakini hatamu ina mwisho wake. Kyle Larson alipofukuzwa, alikuwa ameshikwa na hatamu. Baada ya hapo alipitia mafunzo aliyotakiwa, akakaa na watu wa jamii aliyoitukana, akaruhusiwa kurudi, na mwaka 2021 akawa bingwa. Ian Wright naye alisema hadharani kwamba amemsamehe yule kijana. Hata hivyo, Februari 2021 mahakama ilipomwachia kijana huyo bila kumtia hatiani, Wright alisema imemsikitisha, kwa kuwa wengine hawataona sababu ya kuogopa. Wako waliomwona anajipinga. Sisi tunaona alisema jambo ambalo mimbari zetu nyingi hazilisemi sawasawa. Msamaha ni wa kweli, na tusi lina gharama ya kweli, wala la kwanza halilifuti la pili. Msamaha unaosema "haikuwa kitu, ni gemu tu" haujamsamehe mtu. Umemwambia aliyeumizwa kwamba hakuumia.

Deni la nyumba yetu

Kabla hatujawanyooshea vijana kidole, tujitazame. Watoto hawa walijifunzia wapi? Wapo waliojifunza sebuleni, baba akiangalia mpira na kumwita mwamuzi majina. Wapo waliojifunza kwenye mikutano ya usharika, ambako tumewahi kusikia wazee wa kanisa wakirushiana maneno juu ya hesabu za ujenzi hadi wanawake wakatoka nje. Hata sisi wachungaji tumewahi kumdhalilisha mtu kwa mfano wa mahubiri, tukiwa juu ya mimbari, ambayo nayo ni kilima.

Na kama Walutheri tuna deni la zamani zaidi. Mwalimu wetu Martin Luther, aliyetuandikia mwaka 1529 katika Katekisimo Ndogo kwamba amri ya nane inatutaka tumtetee jirani na kuyaelewa mambo yake kwa upande ulio mwema, ndiye aliyewaandikia wapinzani wake matusi yasiyosomeka kanisani. Mwaka 1543 aliandika juu ya Wayahudi maneno ya chuki ambayo vizazi vya baadaye viliyatumia kwa uovu mkubwa. Ilichukua muda mrefu mno kanisa kusema waziwazi kwamba maneno yale ni dhambi. Mwaka 1984 mkutano mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani huko Budapest, uliofuata ule wa Dar es Salaam wa 1977, ulilipokea tamko la kuyakataa. Kwa hiyo tusiwaambie vijana wetu kwamba maneno hayaui. Sisi tunajua. Imeandikwa katika historia ya nyumba yetu.

Lipo deni lingine, na hili lilituchoma zaidi. Baada ya kuanza kuyasema haya katika umoja wa vijana, binti mmoja alitusubiri nje. Alituamkia, akatueleza kwamba hucheza gemu za risasi kwenye simu, na anacheza vizuri, lakini amejipa jina la kiume na hajawahi kufungua kipaza sauti. Mara ya mwisho alipofungua, wanaume watu wazima walimwambia mambo ambayo hakuweza kuyarudia mbele yetu. Tukamwuliza kwa nini muda wote huo hakutuambia, wala hakumwambia mama yake. Akajibu, "Mchungaji, ningekuambia, ungeniambia niache gemu."

Hatukuwa na la kujibu, kwa sababu ni kweli. Tungemwambia hivyo. Aliyetukanwa angenyang'anywa simu, na waliomtukana wangeendelea kucheza. Hivyo ndivyo kauli ya "gemu ni za shetani" inavyofanya kazi mtaani: inawafunga midomo walioumizwa. Na mtoto aliyejifunza kwamba kanisani ataadhibiwa kwa kuumizwa, hatatuletea hata maumivu makubwa zaidi ya hayo.

Tufanye nini

Wazazi, kaeni chini kando ya mtoto. Si kwa upelelezi. Mwambieni avue hedifoni, mechi moja tu, sauti itoke nje, mwulize nani ni nani. Mkisikia tusi, lake au la wengine, msikimbilie kuzima. Mwulizeni: huyu aliyesemwa hivi ni mtoto wa nani? Mzazi asiyejua mwanawe anacheza gemu gani hawezi kumfundisha namna ya kushindwa ndani yake.

Walimu wa kipaimara, amri ya tano na amri ya nane zifundisheni pamoja na kipaza sauti. Mtoto aliyekariri kwamba asiue, na asiyejua kwamba kumwambia mtu akajiue kunaivunja amri hiyo, amekariri sauti tu. Mwonyesheni pia kwamba Katekisimo haikomei kwenye kutotukana. Inatutaka kumtetea jirani. Kijana wa Kikristo anayenyamaza mwenzake akitukanwa timu moja naye, bado hajaitimiza amri. Neno fupi linatosha: mwache, acheze.

Sharika zenye kumbi, waandalieni vijana mashindano ya gemu za mpira mchana kweupe, wakikaa bega kwa bega. Masharti yawe mawili: anayetukana anakaa nje mechi inayofuata, na mwisho wa kila mechi wanapeana mikono. Wavulana na wasichana wacheze kwa majina yao halisi. Paulo hakuona aibu kuwataja wakimbiaji na wapiga ngumi katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 9. Sisi tunaonea nini aibu?

Na kijana yule wa Jumamosi? Baada ya mazishi ya bibi yake tuliketi naye. Hakukana. Alisema tu, "Lakini Mchungaji, yule mtu simjui." Tukamkumbusha kwamba Msamaria naye hakumjua yule aliyelala njiani, na ndiyo maana Bwana alimtumia kujibu swali la jirani ni nani. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali lililotushinda: atamwombaje radhi mtu ambaye hajui jina lake, aliyekutana naye robo saa, na ambaye pengine hatamwona tena?

Tulikosa jibu la haraka. Tulimwuliza kama anakumbuka jina la mchezoni la mtu yule. Alilikumbuka. Lilikuwa jina la ajabu, herufi na tarakimu, lisilofaa kutamkwa katika sala yoyote tuliyofundishwa chuoni. Tukalitamka hivyohivyo, tukamwomba Mungu, anayemjua mtu huyo kwa jina lake la kweli, amlinde usiku ule na amponye neno alilotupiwa. Kijana alilia. Bado anacheza gemu. Mama yake anatuambia siku hizi mlango wa chumba huwa wazi.

Jumamosi ijayo jioni, katika nyumba nyingi za washarika wetu, kuna mtoto atakayekuwa amepanda kilima chake. Msiuvunje mlango, wala msipite kimya. Bisheni hodi, mwingie, mkae.